Soda ya Uvuguvugu

Kwandu alikuwa mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya Somanda, na kwa miaka kumi na sita alikuwa akimchukia mtu mmoja. Hakumchukia kwa kelele. Kila mwezi alipita dukani kwa mtu huyo, karibu na stendi ya Bariadi, akanunua dawa ya kupe kwa ajili ya mbuzi wa mama yake, akamsalimia vizuri, akaondoka.

Mtu mwenyewe aliitwa Constantine. Alikuwa na duka la dawa za mifugo, pikipiki kubwa nyekundu na deli la bluu la kubebea chanjo. Alipenda kuitwa Daktari, na watu walimwita hivyo ingawa hakuna aliyewahi kukiona cheti chake. Kwandu naye alimwita Daktari. Constantine alimwita "mwalimu wangu", akamfungia dawa kwenye gazeti, wala hakujua kuwa aliyesimama mbele yake ni binti wa Nyanda.

Nyanda, babake Kwandu, zamani alikuwa na ng'ombe sitini na wawili. Kwao, mwendo wa saa moja kutoka mjini kwa njia ya Maswa, huo haukuwa utajiri wa kutisha, lakini ulimpa mtu sauti kwenye mkutano. Ni sauti hiyo aliyoitumia kuwashawishi wenzake wachanje dhidi ya homa ya mapafu. Wengi hawakutaka. Nyanda alikwenda nyumba kwa nyumba. Mwisho wakakubali, naye mwenyewe akaenda mjini kumleta Constantine.

Kwandu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Siku ya chanjo alishinda juani akishika kamba za ndama. Walipomaliza, Constantine alifunua deli, akapekua katikati ya vichupa vya chanjo, akatoa soda, akampa. "Chukua, binti. Umefanya kazi ya kiume." Kwandu aliinywa yote. Alikumbuka kwamba haikuwa baridi. Ilikuwa ya uvuguvugu kama maji ya kunawia asubuhi, lakini kwa mtoto aliyeshinda juani soda ni soda.

Baada ya miezi mitatu ng'ombe wa kwanza akaanza kukohoa. Ukohoaji wa ng'ombe mwenye homa ya mapafu ukiusikia mara moja huusahau. Anasimama ametanua miguu ya mbele, ameinyoosha shingo, mdomo wazi, kila pumzi ni kazi. Walikufa kumi, wakafa ishirini, kisha watu wakaacha kuhesabu. Zizi la Nyanda lilibaki na ng'ombe wanne, na majirani waliochanja pamoja naye hali yao ilikuwa hiyohiyo.

Constantine aliitwa kwenye mkutano. Alikuja na kofia yake ya pama, akatandaza karatasi za chanjo mezani, akasema chanjo ilikuwa nzima na tarehe yake ya kuisha ilikuwa bado. Akasema tatizo ni mtu mmoja. Nyanda alikuwa amenunua madume wawili mnadani mwezi uleule, na madume hao walikuwa wanakohoa, na Nyanda aliwaficha. Ni kweli Nyanda alinunua madume wawili. Hawakuwa wanakohoa. Lakini watu waliofiwa na mifugo walitaka jina, na jina wakapewa.

Masunga, aliyekuwa mkuu wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, ndiye aliyesimama kusoma uamuzi. Nyanda atengwe, yeye na watu wote wa mji wake. Hakuna kumsalimia, kumpa moto, kuchota naye maji kisimani, wala kumsaidia shambani au msibani.

Walitengwa miezi tisa. Mwezi wa sita bibi yake Kwandu alifariki, na kaburi lilichimbwa na watu watatu: Nyanda, mkewe Milembe, na Kwandu mwenyewe. Ardhi ya kule kiangazi ni ngumu kama sakafu. Walianza alfajiri, wakamaliza jua likiwa limezama upande wa pili. Watu walipita barabarani na majembe yao mabegani, wakitazama mbele. Kwandu aliwasoma sura mmoja mmoja. Hakuacha hata mmoja.

Kisha uongozi wa sungusungu ukabadilika, adhabu ikaachwa kimyakimya, watu wakaanza tena kumsalimia "Mwangaluka" kana kwamba walikuwa wamesafiri tu. Nyanda aliitikia. Lakini hakuzungumza tena kwenye mkutano wowote.

Ilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni Maswa, ndipo Kwandu alipoelewa. Mwalimu alikuwa ameweka kopo la maji ya moto ndani ya beseni la maji baridi, na kipimajoto katika kila kimoja. Wanafunzi waliandika namba kila dakika. La moto likashuka, la baridi likapanda, hadi vipimajoto vyote viwili vikasoma namba ileile na kubaki hapo. "Vitu viwili vikigusana," mwalimu akasema, "joto linatoka kwenye kilicho moto kwenda kwenye kilicho baridi, mpaka vilingane. Hakuna kitakachobaki baridi peke yake katikati ya wenzake."

Kwandu aliacha kuandika. Aliiona ile chupa mkononi mwake, na vichupa vya chanjo vilivyokuwa vimeigusa. Kama soda ilikuwa ya uvuguvugu, chanjo nayo ilikuwa ya uvuguvugu. Aliomba ruhusa, akatoka nje. Aliporudi alikuwa ameshaamua atasoma nini na kwa ajili ya nani.

Miaka ikapita. Hakumwambia mtu, hata babake. Angesema nini? Kumbukumbu ya mtoto aliyekunywa soda si ushahidi. Alisubiri.

Mwaka huu, mwezi wa saba, mama yake alimpigia simu, na katikati ya habari nyingine akasema kijiji kitachanja tena. Homa ya mapafu imeonekana upande wa pili wa mto. Ni Jumamosi, kwenye kibanio kipya cha mifugo, ule uzio mwembamba wa kuwabana ng'ombe wakichomwa sindano.

"Nani anachanja, mayu?"

Milembe alishusha sauti. "Ni yuleyule."

Kwandu alipanga kila kitu kwa utulivu uliomshangaza yeye mwenyewe. Aliazima vipimajoto viwili kwenye maabara ya shule. Alimtafuta afisa mifugo mpya wa kata, kijana aliyeitwa Hamimu, aliyehamishiwa huko kutoka Tanga miezi miwili tu kabla. Alimwomba afike kwenye kibanio Jumamosi, saa sita, asichelewe.

"Kuna tatizo?" Hamimu aliuliza.

"Litakuwepo," alisema Kwandu.

Jumamosi saa mbili asubuhi alikuwa dukani kwa Constantine, anachagua dawa ya minyoo asiyoihitaji. Constantine alikuwa anapakia. Kwandu aliona kila kitu. Pakiti mbili ndogo za barafu, tena zilizokwisha kulegea pembeni, zikawekwa chini ya deli. Vichupa vya chanjo vikapangwa juu yake. Kisha Constantine akachukua kreti iliyokuwa mlangoni inapigwa na jua la asubuhi, akachomoa soda kumi na mbili, akazisukumiza mote mlimokuwa na nafasi.

"Safari ndefu, mwalimu wangu," alisema akicheka. "Kule hakuna hata kinywaji cha baridi."

Ingetosha sentensi moja. *Daktari, toa hizo soda, ongeza barafu.* Ilikuwa mdomoni kabisa. Kwandu aliifungia humo humo, akalipia dawa ya minyoo, akatoka kutafuta bodaboda.

Njiani vumbi liliwapiga, mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa yakipita pande zote mbili, na Kwandu akawaza jambo ambalo hakulipenda lakini hakulifukuza. Anaweza kunyamaza mpaka mwisho. Aache ng'ombe wote wachomwe ile chanjo iliyokufa. Aache miezi mitatu ipite. Wakianza kukohoa, aje na maandishi yake: siku fulani, saa fulani, nyuzi fulani. Constantine hatainuka tena duniani. Na wale waliopita barabarani na majembe mabegani, nao watajua zizi tupu lina harufu gani.

Alilionja wazo hilo karibu nusu ya safari. Kilichomrudisha hakikuwa huruma. Ni kwamba ng'ombe walishakufa mara ya kwanza, na vifo vyao havikumshtaki aliyewaua, vilimshtaki babake. Mizoga hupewa maneno na yeyote anayewahi kusema. Safari hii alitaka atangulie yeye.

Alifika saa nne. Ng'ombe walikuwa wamejaa, wanalia, vumbi limesimama. Babake alikuwa pembeni na ng'ombe wake kumi na mmoja, ameegemea fimbo, mbali kidogo na wenzake kama alivyozoea. Kwandu alimsalimia kwa kupiga goti.

"Umekuja kufanya nini, ng'wanone?"

"Kukuona, baba."

Mzee alimtazama, akautazama mkoba wake, hakuuliza zaidi.

Constantine alifika baada ya saa sita kidogo. Alikuwa amepitia vijiji viwili kusalimia wateja, deli limefungwa nyuma ya pikipiki muda wote huo kwenye jua. Hamimu alikuwa ameshafika, amekaa juu ya gogo na daftari lake. Masunga, ambaye sasa alikuwa mzee wa ndevu nyeupe lakini bado anasikilizwa, alipanga foleni ya ng'ombe. Constantine akafungua deli, akatoa kichupa, akavuta bomba la sindano.

"Daktari," Kwandu aliita kwa sauti ya kusikika, "kabla hujaanza, naomba soda."

Watu walicheka. Constantine alishangaa kumwona, kisha naye akacheka. "Mwalimu wangu! Hata huku?" Akachomoa chupa, akampa.

Kwandu hakuifungua. Alitembea nayo hadi kwa Masunga, akamwekea kiganjani. "Mzee, ina ubaridi?"

Masunga aliipima mkononi. "Ya uvuguvugu hii."

"Imekaa deli moja na chanjo tangu saa mbili asubuhi. Nilikuwepo akiipakia, imetoka juani." Alitoa vipimajoto. "Afisa mifugo, chanjo hii inatakiwa ikae nyuzi ngapi?"

Hamimu alisimama. "Kati ya mbili na nane. Ni chanjo hai. Vimelea wake wakipata joto wanakufa, halafu unachoma maji tu."

"Basi njoo usome mwenyewe."

Constantine aliinua mkono. "Wewe mwalimu, nenda kafundishe watoto. Hapa ni kazi ya wataalamu."

"Mwache apime," alisema mtu katika foleni. Aliitwa Josia, ambaye mara ya kwanza alipoteza ng'ombe thelathini. Hakupandisha sauti, lakini watu walisogea.

Kwandu alikipenyeza kipimajoto kimoja katikati ya vichupa na kingine katikati ya soda, akashusha kifuniko juu yake. "Tusubiri. Hakisomi papo hapo. Nacho lazima kwanza kifanane na kilichokizunguka."

Walisubiri. Watu mia moja na ng'ombe mia sita, na hakuna aliyeondoka. Ndipo Masunga akauliza, "Lakini barafu si ilikuwemo? Barafu inashindwaje na soda?"

"Mzee, wewe ni mfugaji. Nikuulize. Ng'ombe waliotoka kukimbizwa na fisi, bado wanaruka, ukiwaingiza kwenye zizi la waliolala wanacheua, inakuwaje?"

"Watawagonga waliolala. Wote watainuka."

"Na wale waliokuwa wanaruka?"

Masunga aliwaza. "Watapungua. Kila akigonga mwenzake anapoteza mbio."

"Mwisho?"

"Mwisho zizi lote lina vurugu moja. Huwezi kujua nani alikimbizwa."

"Joto ndivyo lilivyo. Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana, tunaziita molekuli, na hazitulii kamwe. Za kitu cha moto zinaruka kwa nguvu, za kitu cha baridi zinatikisika polepole. Za soda zilikuwa zinaruka. Zikaigonga chupa, chupa ikaligonga barafu, ikavigonga vichupa. Barafu lilipokea vile vipigo likaanza kuyeyuka, na likiwa linayeyuka linalinda, kwa sababu nguvu yote inaishia katika kulivunja. Lakini lilikuwa dogo, na soda kumi na mbili, na jua la njiani. Likaisha. Tangu lilipoisha, kila kipigo kinaingia kwenye chanjo."

Akafunua deli. Chini mlikuwa na maji na pakiti mbili laini kama matumbo ya samaki. Hamimu aliinama, akasoma kwa sauti kipimajoto cha soda. "Ishirini na mbili." Akasoma cha chanjo. Akakiangalia mara ya pili. "Ishirini na mbili."

"Soda nimeziweka njiani tu!" alisema Constantine.

"Umeziweka dukani, mbele yangu."

Hapo Josia alimgeukia Kwandu. "Wewe ulimwona? Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Nilitaka mwone kwa macho yenu," alisema akiwageukia wote, "kwa sababu mara ya kwanza mliamini karatasi. Mimi ni Kwandu wa Nyanda. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Siku mliyochanja alinipa soda kutoka kwenye deli kama hili, na ilikuwa ya uvuguvugu kama hiyo aliyoshika Masunga."

Constantine alimtazama kama mtu anayeona shimo pale alipokuwa anakanyaga kila siku. Kama angenyamaza hapo, huenda wangebishana hadi jioni. Lakini alizoea kuongea.

"Soda, soda! Mimi nabeba soda kwenye deli miaka yote, vijiji vyote, na haijawahi kuleta..."

Alisikia mwenyewe alichokisema.

Miaka yote. Neno lilipita kwenye foleni, mtu akimwambia mwenzake kwa Kisukuma, hadi likawafikia wa mwisho. Fimbo zikaanza kuinuka. Masunga aligeuka kumtazama Kwandu, na wengine wakamtazama, kana kwamba yeye ndiye mwenye ruhusa. Angeweza kusema "acheni" palepale. Hakusema. Alimwacha Constantine asimame katikati yao, kofia imeanguka, jasho linamchuruzika, akihesabu fimbo. Alimwacha kwa muda wa kutosha kuchimba shubiri moja ya ardhi ya kiangazi. Kisha akasema, "Msimpige. Akipigwa atakuwa ameonewa yeye."

Hamimu alilichukua deli na kuandika maelezo. Duka lilifungwa kusubiri uchunguzi wa wilaya. Jioni ileile kijiji kilikaa, na uamuzi haukuchukua muda. Constantine alikuwa na shamba la mpunga na zizi la ng'ombe hapo kijijini. Hakuna atakayelivuna shamba lake, kuchunga ng'ombe wake, wala kumjibu salamu. Kwandu alikaa mstari wa mbele ili asikie kila neno.

Mkutano ulipoisha Masunga alimfuata, akanyoosha mikono miwili. "Binti yangu, tulikosea. Mimi ndiye niliyesoma."

Kwandu aliitazama mikono ile. Aliikumbuka ilivyoshika karatasi. "Mwombe baba," alisema, akapita. Hakujutia, si siku ile wala baadaye.

Wiki mbili baadaye, Jumapili mchana, Constantine alikuja kwa Nyanda kwa miguu. Pikipiki yake ilikuwa imezuiliwa pamoja na duka, na bodaboda walikuwa wamekataa kumbeba. Mpunga wake ulikuwa unaliwa na ndege. Kwandu alikuwa jikoni na mama yake. Milembe alitazama mlangoni, akarudi kwenye chungu chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Nyanda alijibu. Kwandu alitoka nje aliposikia babake ameitikia.

Constantine alipiga magoti kwenye vumbi. Alisema mengi. Alisema hakujua, hakufundishwa, alidhani barafu ni barafu. Aliomba Nyanda azungumze na kijiji, maana neno lake tu ndilo litakalomfungulia.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kwandu mwenyewe alipandwa na hasira; alimjua babake, atasamehe, atasema basi yaishe, kama alivyoitikia salamu za wale wengine wote.

"Mwaka ule," Nyanda alisema, "ulichanja vijiji vingine vingapi?"

Constantine hakulitegemea swali. "Sikumbuki, mzee. Kumi na... kumi na vitatu."

"Na huko ng'ombe wakafa?"

"Baadhi."

"Wakamlaumu nani?"

Constantine aliinamisha kichwa. Kuku akapita katikati yao. "Kila mahali palikuwa na mtu," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Nyanda aliingia ndani. Alitoka amevaa koti lake la mkutano, lile ambalo Kwandu hakuwa ameliona mwilini mwake tangu utotoni, na kalamu mfukoni. Akakaa, akamwonyesha Constantine kigoda.

"Taja. Kijiji, na jina la mtu. Ukisahau mmoja, rudi ukalinde ndege wako. Ukimaliza kutaja, tutakwenda kote, mimi na wewe. Utasimama mbele ya mkutano, useme kwa mdomo wako ulichofanya, na mtu huyo akiwa amekaa anakusikia. Kama amekufa, wanawe watakaa. Kijiji cha kumi na tatu kikiisha, hapo nitazungumza na hawa wangu."

"Mzee, wataniua."

"Binti yangu atakuwepo na vipimajoto vyake. Atawaeleza vizuri, wasije wakadhani ni uchawi." Akamgeukia Kwandu. Macho ya mzee yalikuwa makavu na makali, na Kwandu akatambua kwamba kwa miaka yote ile hakuwa akisubiri peke yake nyumbani mwao. "Utapata nafasi siku za Jumamosi?"

"Nitapata, baba," alisema, akaenda kumletea daftari.